Piano ya Kwenye Simu: Jina Moja, Vitu Vinne

Uliza kwenye kundi lolote la WhatsApp la wanakwaya, au la vijana wanaotengeneza biti: "Wakuu, programu gani nzuri ya piano?" Kabla chai yako haijapoa majibu yatakuwa yamefika kumi. Mmoja anakutumia programu yenye vitufe vya rangi rangi na matangazo ya kila dakika. Mwingine anasema nenda FL Studio moja kwa moja, usipoteze muda. Wa tatu anakushauri upakue mzigo wa GB 77 kwenye kompyuta ambayo pengine hata huna. Wa nne, ambaye kwa kawaida ni mpiga kinanda wa kanisani, anafunga mjadala: hiyo ni michezo tu, piano ni piano.

Hakuna anayekudanganya kati yao. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake, kwa sababu "programu ya piano" ni jina moja walilopewa watoto wanne wasiofanana. Kiswahili nacho hakitusaidii sana hapa. Kinanda kwetu ni piano, ni ogani ya kanisani, ni kibodi ya umeme ya bendi ya harusini, na kwa wazee wa pwani kilikuwa hata ala ya nyuzi. Sasa simu nayo imeingia humo humo.

Basi tuwatenganishe hao watoto kwanza.

Wa kwanza ni piano ya kuchezea kwenye kioo. Vitufe vimechorwa, unagusa, vinalia. Perfect Piano ya Android iko kundi hili, na zile piano za kwenye kivinjari unazozipiga kwa herufi za kompyuta pia. Wa pili ni mwalimu: Simply Piano, Flowkey, Yousician. Huyu kazi yake si kukupa sauti, ni kukusikiliza kupitia maikrofoni na kukwambia hapo umekosea, na mara nyingi anadhani tayari una kinanda mbele yako. Wa tatu ni ala isiyo na mwili. Ni sauti ya piano inayokaa ndani ya kompyuta ikisubiri kitu kingine kiibonyeze: Pianoteq, Keyscape, LABS. Nyingi za aina hii ni programu-jalizi, yaani haziishi peke yake bali huchomekwa ndani ya programu kubwa. Soketi inayotumika sana kuzichomekea inaitwa VST, na ilitolewa na kampuni ya Steinberg mwaka 1996. Wa nne ni studio nzima, ambamo piano ni chombo kimoja tu kati ya ngoma, besi na maikrofoni: GarageBand, BandLab, FL Studio.

Anayetaka kujifunza akinunua wa tatu atakaa anatazama skrini bila kujua aanzie wapi. Anayetaka kutengeneza wimbo akilipia wa pili, atajikuta mwezi wa tatu anapiga nyimbo za watu vizuri kabisa na hana hata mstari mmoja wa wimbo wake. Makala hii ni ya huyu anayetaka kutengeneza muziki, kwa hiyo mwalimu tunamwacha hapa hapa.

Karatasi ya fundi na gauni

Kabla ya kuchagua, kuna neno moja huwezi kulikwepa: MIDI. Watu wengi wanadhani MIDI ni aina ya sauti, ile milio ya simu za zamani. Siyo. MIDI haina sauti hata chembe.

Fikiria umekwenda kwa fundi cherehani. Anavuta tepu, anapima, anaandika kwenye daftari lake: kiuno kadhaa, urefu kadhaa, bega kadhaa. Karatasi ile si gauni, huwezi kuivaa. Lakini ukiipeleka kwa fundi mwingine na kitambaa kingine kabisa, gauni litatoka na litakukaa. MIDI ni karatasi ile. Unapobonyeza kitufe, kinachoandikwa ni hiki: kitufe namba 60 kimebonyezwa, kwa nguvu ya 92 kati ya 127, kikaachiwa baada ya nusu sekunde. Basi. Kitambaa, yaani sauti ya piano, ogani au marimba, utachagua baadaye.

Utaratibu huu ulizaliwa mwaka 1983, na waliousukuma walikuwa washindani wa kibiashara: Dave Smith wa Marekani, mwenye kampuni ya Sequential Circuits, na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwanzilishi wa Roland. Walikubaliana vinanda vya makampuni tofauti vizungumze lugha moja. Mwaka 2013 wakapewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Ndiyo maana hadi leo kibodi ya miaka arobaini iliyopita, yenye ile tundu ya duara ya pini tano, ukiipatia waya wa kubadilishia inaelewana na laptopu uliyonunua mwaka huu.

Kwa mtengeneza muziki hili lina maana kubwa. Ukiwa na karatasi ya vipimo, kidole kilichoteleza unakirekebisha bila kurudia wimbo wote. Soprano wakilalamika wimbo uko chini, unapandisha kutoka F hadi G kwa mguso mmoja. Ukitaka ogani badala ya piano, unabadilisha kitambaa. Lakini programu inayokupa MP3 peke yake imeshakukabidhi gauni lililoshonwa. Ukitaka kupunguza kiuno, ni mkasi na machozi. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza programu yoyote, kabla hata ya sauti yake, ni hili: inatoa faili la MIDI, au inatoa sauti tu? Programu nyingi za kuchezea hukwama hapa, ingawa si zote.

Aliyechelewa si mwimbaji

Sasa tufike kwenye jambo linalowafanya watu wafute programu nzuri na kuweka mbaya.

Kuna wakati kwaya yetu ilibaki bila kinanda kwa wiki mbili. Kilikuwa kwa fundi. Kijana mmoja wa sauti ya tena akajitolea. Akaja na tableti yake, spika ya Bluetooth ya kubeba mkononi, na roho safi. Akaanza, tukaanza, na kufikia ubeti wa pili wimbo ulikuwa umeshalegea kama uji. Mwalimu anagonga meza kwa kalamu: "Msivute! Msivute!" Tukaanza upya, tukavuta tena. Kijana akasema programu yenyewe mbovu, akaifuta, akapakua nyingine kwa bando lake. Ikawa vile vile. Akapakua ya tatu. Mwishowe mtu akatoa kwenye begi waya wa kawaida wa spika, ile ya kuchomeka pande mbili. Tulipochomeka, programu ya kwanza, ile aliyoifuta na kulazimika kuipakua upya, ilienda sawa na mikono yake.

Kilichotokea ni kuchelewa kwa sauti, na kina maelezo rahisi. Kidole kinapogusa kioo, simu inatambua mguso, programu inaandaa sauti, kisha sauti inapakiwa kwa mafungu kabla ya kutoka. Fungu moja ni kama daladala: haiondoki kituoni mpaka ijae. Sauti ya kawaida ya kompyuta ina chembe 44,100 kwa sekunde. Daladala ya viti 256 inajaa kwa karibu milisekunde 6, na hiyo huisikii. Daladala ya viti 1,024 inajaa kwa milisekunde 23, na mpigaji makini anaanza kuhisi kitu hakiko sawa. Ukilazimisha magari madogo sana, dereva anashindwa kuwahi safari na unasikia mikwaruzo. Ule mpangilio unaoitwa "buffer" kwenye programu za studio ni huo tu: ukubwa wa gari.

Bluetooth inaongeza safari nyingine juu ya hiyo. Sauti inabanwa, inarushwa hewani, inapokelewa, inafunguliwa. Kwa spika na hedifoni za kawaida, hiyo peke yake hula milisekunde 100 hadi 300. Kuona ukubwa wake, igeuze iwe umbali. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni kama kukaa mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, jambo la kawaida kwa mwanamuziki yeyote wa jukwaani. Milisekunde 200 ni mita 68 na zaidi kidogo. Huo ni upana wa uwanja wa mpira wa kimataifa. Kijana wetu alikuwa amesimama kwenye mstari mmoja wa pembeni, kinanda chake kiko mstari wa upande wa pili, na sisi tunalaumiwa kwa kuvuta.

Kwa nyimbo za taratibu unaweza kujidanganya. Kwa singeli haiwezekani. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika bila shida. Kwenye mapigo 240, pigo moja lina milisekunde 250 tu. Sauti yako ikichelewa 200, unakaribia kuwa nyuma kwa pigo zima.

Watu huuliza: mbona filamu kwenye hedifoni hizo hizo midomo inaendana na maneno? Kwa sababu simu inajua sauti itachelewa, hivyo inaichelewesha na picha. Kidole chako haiwezi kukichelewesha.

Jipime hivi. Weka simu mezani, zima Bluetooth, pandisha sauti wastani. Gonga kitufe kwenye kioo kwa ukucha, si kwa nyama ya kidole. Utasikia mlio mdogo wa ukucha kwenye kioo, kisha piano. Kama masikio yako yanavichukua kuwa kitu kimoja, programu na simu yako zinaelewana. Kama unasikia viwili, tik halafu tin, hapo usihangaike na ubora wa sauti kwanza. Rudia kipimo hicho na programu nyingine kwenye simu hiyo hiyo, kwa sababu programu mbili kwenye simu moja zinaweza kutofautiana sana.

iPhone na iPad kwa miaka mingi zilikuwa mbele kwa jambo hili. Android ilipata njia mpya ya sauti, AAudio, kuanzia toleo la 8 la mwaka 2017, lakini matokeo bado yanategemea aliyeunda simu na aliyeandika programu. Kwenye kompyuta za Windows, mlango wa kawaida wa sauti ni wa polepole. Ndiyo maana utaona studio wanatumia mlango uitwao ASIO, ama kupitia kadi ya sauti ya nje ama kwa kiendeshi cha bure kama ASIO4ALL.

Hotipoti au cha kupikiwa hapo hapo

Kuchelewa kukishatatuliwa, ndipo tuzungumze sauti, ambako imani kubwa ni kwamba GB nyingi ni piano nzuri.

Piano za kidijitali zinapatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya hotipoti: chakula kimeshapikwa, kimehifadhiwa, wewe unapakuliwa. Watu wamekwenda kwenye piano halisi na maikrofoni, wakarekodi kitufe kimoja kimoja, polepole, wastani, kwa nguvu, kisha wakahifadhi yote. Piga hesabu mwenyewe. Piano ina vitufe 88. Ukirekodi kila kimoja kwa ngazi 16 za nguvu, una rekodi 1,408. Rekodi ya stirio isiyobanwa inakula kama MB 10 kwa dakika, na nyuzi nene za piano hulia muda mrefu. Tuseme nusu dakika kwa kila rekodi, yaani MB 5. Jumla inakaribia GB 7, kwa piano moja, maikrofoni zikiwa mahali pamoja tu. Ongeza maikrofoni za mbali, za karibu, sauti ya pedali, na utaelewa uzito unatoka wapi. Keyscape ina hizo GB 77, lakini humo mna ala za vitufe zaidi ya thelathini. Si piano moja iliyonenepa.

Wajanja hupunguza. Salamander, piano ya bure inayotumika sana na iliyorekodiwa kwenye Yamaha C5, haikurekodi kila kitufe. Walirekodi kimoja, wakaruka viwili, wakarekodi kinachofuata, kwa ngazi 16. Hivyo badala ya 1,408 wakabaki na rekodi 480 za msingi, na vitufe vya katikati vinaazima sauti ya jirani iliyopandishwa au kushushwa kidogo. Msikilizaji wa kawaida hajui.

Njia ya pili haina hotipoti. Unaagiza, jiko linawashwa. Programu ina hesabu za jinsi nyundo inavyogonga uzi, uzi unavyotikisa ubao, ubao unavyotikisa hewa, na kila unapobonyeza inakokotoa sauti upya. Pianoteq, ya kampuni ya Modartt ya Ufaransa, imekuwa ikifanya hivyo tangu 2006, na faili lake la kusakinisha lina kama MB 50. Ndiyo, hamsini. Wapo wanaosema sauti ya namna hii inakosa joto la mbao. Kwa nyimbo za piano peke yake nawaelewa. Lakini mwenye laptopu yenye diski ndogo na prosesa nzuri angefanya kosa kuipita bila kuijaribu, na toleo la majaribio ni la bure, ingawa vitufe kadhaa vimefungwa na baada ya dakika 20 inabidi uifungue upya.

Ukiwa na jiko dogo, yaani prosesa dhaifu, chagua hotipoti ndogo. Ukiwa na jiko kubwa na kabati dogo, yaani diski ndogo, chagua cha kupikiwa. Hiyo GB 77 mwachie mwenye vyote viwili.

Na sikio lako likague nini? Bonyeza kitufe kimoja kwa ulaini, kisha wastani, kisha kwa nguvu. Piano ya kweli ikipigwa kwa nguvu haipazi sauti tu; inabadilika sura, inakuwa kali, ina chuma ndani yake. Programu dhaifu inachukua rekodi ile ile na kuipandisha sauti, kama mtu anayenong'ona kwenye kipaza sauti. Kisha bonyeza kitufe kile kile mara nane haraka. Ikitoka kama mhuri wa ofisini, nakala nane zisizotofautiana hata kidogo, sikio la msikilizaji litachoka bila kujua kwa nini.

Mimi lakini nina mashaka na kiasi cha muda ambao watu wanautumia hapa. Wimbo ukishawekwa ngoma, besi, gitaa, sauti tatu za kuitikia na mwimbaji juu yake, piano inabaki na kidirisha kidogo cha kuchungulia. LABS ya bure, au hata piano iliyokuja na GarageBand, itatosha. Piano ya gharama husikika pale inapokuwa peke yake na mwimbaji.

Kioo hakijui hasira

Chukua rula. Kwenye piano ya kawaida, vitufe vyeupe saba, yaani kutoka do hadi ti, vina upana wa sentimita 16 na nusu hivi. Sasa pima simu yako kwa urefu. Kioo cha inchi 6.5 kina kama sentimita 15. Kwa maneno mengine, simu ukiilaza haitoshi hata oktavu moja ya ukubwa halisi. Ndiyo maana programu zinapunguza vitufe mpaka vinakuwa vyembamba kama njiti, na vidole vyako viwili vinagombania kimoja.

Halafu kuna hasira. Zile ngazi 127 za nguvu tulizozitaja, kioo hakizioni. Kinajua umegusa, hakijui umegusa vipi. Apple walijaribu ujanja kwenye GarageBand ya iPad mwaka 2011: kipima-mtikisiko cha ndani kilikisia ukali wa kidole kutokana na jinsi kifaa kilivyotetemeka. Ni ubunifu mzuri, lakini kukisia ni kukisia. Programu nyingi za simu hazijaribu kabisa. Kila mguso una nguvu ile ile. Hiyo ndiyo sababu halisi ya mpiga kinanda wa kanisani kuziita michezo, na hapo namuunga mkono.

Piano za kwenye kivinjari unazopiga kwa herufi za kompyuta zina kasoro hiyo hiyo, na nyingine juu yake. Kibodi nyingi za bei ya chini haziwezi kusoma kila mchanganyiko wa herufi kwa pamoja. Fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, bonyeza herufi nne kwa mpigo mmoja, uone ngapi zimetokea. Kama ni mbili au tatu, sauti nne za kwaya hazitaingia humo.

Dawa ni kibodi ya MIDI, ambayo ni vitufe vitupu visivyo na sauti, vinavyounganishwa kwa waya wa USB. Kwa Android unahitaji kiunganishi cha OTG, kile cha kuchomekea waya wa USB kwenye simu, na simu yenye toleo la 6 au zaidi, la mwaka 2015, na uhakikishe simu yenyewe inakubali. Kwa iPhone, kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, tundu ni USB-C. Za kabla yake zinahitaji adapta. Kama una kinanda cha zamani chenye tundu la USB nyuma, angalia kwanza. Inawezekana kibodi ya MIDI unayotaka kununua unayo tayari, imefunikwa kitambaa sebuleni.

Vitufe vingapi? Mtaani wanasema bila 88 hujaanza. Tupime na kwaya. Besi mshuke hadi F ile ya chini, soprano mpande hadi A ya juu, ambayo wengi wenu mnaiogopa: kati ya hizo mbili, ukihesabu zote, ni vitufe 41. Kibodi ya vitufe 49 inazimeza sauti zote nne na kubaki na nafasi. Kwa anayetengeneza biti na kuingiza mkono mmoja mmoja, 25 zinatosha, kwa sababu kuna kitufe cha kuhamisha oktavu. 88 zenye uzito ni za anayejifunza piano kama piano, na huyo tulishamuaga mapema.

Vijineno viwili vitatu vya mtaani

Amapiano. Kila wiki kuna anayepakua programu ya piano akitegemea ile sauti inayotikisa kifua. Jina limebeba piano, na kodi (chords) laini za kinanda zimo kweli. Lakini ule mzito unaojikunja chini unaitwa log drum, ni besi, na ulianzia kwenye FruityDX10, ala iliyomo ndani ya FL Studio. Hutaupata kwenye picha ya vitufe vyeupe na vyeusi.

Taarab ndiyo inayonisikitisha. Piano imegawa oktavu moja sehemu 12 zilizo sawa, na programu nyingi zinachukulia kwamba dunia nzima inaishi humo. Lakini ukisikiliza udi, kanuni na fidla za Unguja kwenye maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama Rast au Bayati, kuna sauti zinazokaa katikati ya kitufe cheupe na cheusi, robo toni. Piano ya kawaida haina pa kuziweka. Ukilazimisha, wimbo unatoka na lafudhi ya kigeni. Wapigaji wa kinanda cha taarab hununua vinanda vilivyoundwa kwa soko la Mashariki ya Kati, vyenye swichi za kushusha kitufe kimoja kimoja. Kwa programu, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kubadili tuni ya kila kitufe. Pianoteq katika matoleo yake ya juu inayo. Programu nyingi za simu hazina, na hakuna bando litakaloziongezea.

Na neno "bure". Ubora wa za bure si tatizo tena. Salamander, LABS, GarageBand na BandLab ni ushahidi. Angalia mengine. Programu ya piano inayoomba kusoma namba za watu kwenye simu yako inataka kitu kisichohusu muziki. Inayokupa siku saba za majaribio halafu inakata kila wiki, hesabu mwaka mzima kabla ya kubonyeza "kubali". Na kabla hujaitegemea kwa mazoezi, zima data kisha uifungue: nyingine hazifanyi kazi bila intaneti, na utaligundua hilo ukumbini, bando likiwa limekata. Zile zilizokrakiwa wanazorushiana watu kwa flashi sizigusi kabisa. Nimeona laptopu ya studio ikipoteza nyimbo za miezi minne kwa virusi vilivyokuja na piano ya "bure".

Sasa uanzie wapi

Una simu tu na hujui kama muziki utakukolea: BandLab kwenye Android au GarageBand kwenye iPhone. Zote mbili ni studio, zina piano ndani, na unachopiga kinabaki kama vipimo vya fundi, kinaweza kurekebishwa. Tumia hedifoni za waya. Kibodi ndogo ya vitufe 25 iwe kitu cha kwanza unachonunua, kabla ya programu yoyote ya kulipia.

Una laptopu na unatengeneza biti: FL Studio ndiyo inayozungumzwa na maprodyuza wengi wa kwetu, na hilo si jambo dogo, maana ukikwama kuna jirani wa kumuuliza. Weka ASIO, chomeka LABS, endelea.

Unatunga nyimbo za kwaya na kuandika sauti nne: kwako sauti nzuri si kipaumbele. Unahitaji karatasi ya muziki zaidi ya piano. MuseScore ni ya bure, inaandika nota, inakusomea ulichoandika, na inapokea na kutoa MIDI. Piano yake haitamtoa mtu machozi, lakini itakuonyesha mahali alto na tena wamegongana.

Limebaki la haki. Watu huogopa kwamba wimbo uliotengenezwa kwa programu ni wa kampuni ya programu. Kwa kawaida leseni za piano hizi zinakuruhusu kutumia sauti kwenye wimbo wako na kuuuza. Kinachokatazwa ni kuchukua rekodi zenyewe, kitufe kimoja kimoja, na kuzisambaza kama bidhaa yako. Soma leseni hata hivyo, hasa za programu ndogo za simu, maana nyingine zinataka ulipie ukianza kuuza.

Penye matatizo halisi ni vipande vilivyokwisha kupigwa, lupu za piano zinazokuja na programu. Ni halali kuzitumia, lakini mtu mwingine naye amezitumia, na mwingine. Siku mmoja wenu akisajili wimbo wake, mashine za YouTube za kutambua sauti zinaweza kukukamata wewe kwa kipande ambacho hakuna kati yenu aliyekipiga. Kama piano uliipiga kwa vidole vyako, una faili la MIDI lenye makosa yako yote ya mwanzo na tarehe ya siku ile. Lihifadhi mahali pawili.